Maswali Arobaini ya Likizo

Mratibu wa kata alitaka maswali hamsini.
Nikamwambia mashine ya Ruangwa inakula wino,
kila ukurasa shilingi mia, na mfuko wa shule una matundu.
Tukapatana arobaini,
na chini kabisa, sahihi ya mzazi.

Niliwagawia mstarini siku ya kufunga.
"Msiichezee likizo," nikasema,
kwa sauti ya baba yangu, ambaye hakusoma
na likizo hakuijua:
kwake kulikuwa na palizi, na baada ya palizi, palizi.
Nikaongeza: mtoto ni panga,
lisiponolewa linashika kutu.
Nyuma ya mstari mtu akanong'ona,
"Na likinolewa kila siku, si litaisha?"
Nikajifanya sikusikia.

Ufuta haungoji.
Ukishakauka, ganda linafungua mdomo lenyewe
na kilichodondoka ni riziki ya njiwa.
Mbekenyera nzima ikahamia mashambani,
matita yamesimamishwa yakiegemeana kama wateta,
turubai chini, kung'uta, geuza, kung'uta,
na maswali yangu yananing'inia misumarini
ndani ya mifuko ya rambo.

Julai zikarudi karatasi thelathini na moja.
Watoto ni hamsini na wanne.
Moja ilikuwa imefungia dagaa.
Moja imejibiwa yote, safi, bila kufutwa,
kwa mwandiko wa Mzee Nampoto:
saba yake ina mkia, naijua kwenye risiti za ushirika.
Amepata thelathini na nane.
Nilipompongeza mwanawe mbele ya darasa
baba alikuwa nje, anafunga baiskeli.
Akakohoa. Sijawahi kumwona anatabasamu hivyo.

Chikawe alitoka jandoni na karatasi tupu,
mabega yamepanda,
hataki tena kuitwa kwa jina la kwanza.
Nimuulize nini huyu? Sehemu za ua?

Swali la arobaini, insha: "Likizo Yangu."
Fadina aliandika:
"Nililala mpaka jua likaingia ndani.
Bibi akasema mwacheni, anakua."
Basi. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: Fupi mno.
Usiku ule nikaisoma mara tatu.

Sasa Somoe.
Swali la kumi na saba, nililolitunga mwenyewe
nikijisifu kwamba nimeleta shamba darasani:
Mkulima ana kilo sitini za ufuta.
Kilo moja ni shilingi elfu tatu.
Atapata shilingi ngapi?

Somoe akazidisha. Laki moja na themanini elfu.
Kisha hakutua kalamu.
Toa makato ya ushirika, elfu sita.
Toa bodaboda mpaka ghalani, elfu tano.
Toa deni la dukani, viatu vyangu na madaftari,
elfu ishirini na saba.
Jibu: laki moja arobaini na mbili elfu,
siyo siku hiyo lakini. Mpaka walipe.

Nilikaa na karatasi ile hadi taa ikaomba chaji.
Kwenye kunjo lake mlikuwa na punje za ufuta,
nne, tano, zikaviringika mezani.
Mwongozo wa kusahihisha unasema laki na themanini.
Mwongozo niliuandika mimi.

Nikatia kosa.
Ndiyo. Nilitia kosa, mstari mmoja, kisha wa pili juu yake,
na yeye alipopokea aliangalia, akakunja, akaketi,
kama mtu aliyekwisha kuzoea makato.

Leo ni Novemba. Mratibu amepita na pikipiki,
Desemba anataka sitini.
Korosho zinaanguka, kila mkono unahitajika,
na wapo watakaolala tu, Mungu awape usingizi,
na wapo ambao wasipoona herufi wiki nne
watarudi wakizishangaa, hao nao nawajua kwa majina.
Nimekaa na karatasi tangu alasiri.
Nimeandika: Swali la kwanza.
Nikaweka nukta mbili.
Nje wanacheza rede, wanagombania hesabu,
na hakuna aliyekosea.
Punje moja ya ufuta bado imo kwenye ufa wa meza.
Naichokoa kwa ncha ya kalamu nyekundu.
Haitoki.